Madamu Prefe na Chupa za Ujana

Mji mzima wa Kasongo ulimwita Madamu Prefe, hata miaka mingi baada ya kuacha ofisi. Alikuwa mkuu wa shule yetu ya sekondari, na juu ya ukuu huo alifundisha kemia na biolojia, kwa kuwa walimu waliotumwa kufundisha masomo hayo walikaa muhula mmoja wakatoroka. Jina lake silitaji. Akiliona kwenye karatasi ya mtu mwingine atataka kuisoma karatasi yote kwanza, kalamu nyekundu mkononi, nami leo sitaki kusahihishwa. Ninaandika kwa hasira. Sehemu ya hasira hiyo ni juu yake, na sioni haya kusema hivyo, maana yeye ndiye aliyenifundisha kutomficha mtu kosa lake.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na mikono mizito ya mtu aliyelima. Alipokasirika hakupaza sauti. Aliiteremsha, na darasa zima likanyamaza ili kumsikia. Neno alilolichukia kuliko matusi lilikuwa "kidogo". Ukisema maji yamepata moto kidogo, anakuuliza, "Kidogo ni ngapi?" Ukinyamaza, anakurudisha kwenye sufuria ukapime tena. Maabara hatukuwa nayo. Tulikuwa na kabati moja lenye darubini isiyo na kioo. Kemia aliifundisha kwa jivu, ndimu, chokaa na mawese. Siku tuliyopika sabuni alinawa nayo yeye kwanza, mpaka kwenye viwiko, akatuonyesha mikono yake pande zote mbili, ndipo akaturuhusu nasi tunawe.

Somo ninalolikumbuka kuliko yote alilifundishia uani. Kila mwanafunzi alipewa kikombe cha maji. Kila mmoja wetu, alisema, ni asidi amino, punje moja tu. Ukitaka kumshika mwenzako mkono, lazima mmwage maji kwanza, kwa kuwa punje mbili zikiungana maji hutoka. Tukamwaga, tukashikana. Wachache walioshikana karibu na mlango aliwaita peptidi. Wengine aliwaambia waendelee, mpaka mnyororo ukazunguka ua mzima, akauita protini. Kisha akamtoa msichana mmoja katikati, akamweka mvulana mahali pake.

"Sasa ni kitu ingine kabisa," akasema. "Mutu mumoja tu akibadilika fasi, dawa inaweza kuwa takataka. Muandike hiyo."

Tukaandika, miguu imelowa.

Nilisema alikuwa na hasira. Lakini hakuwa mtu wa kugombana ovyo. Hasira yake ilikuwa na shabaha. Mwaka mmoja alimkamata mtoto wa mkubwa mmoja na karatasi ya majibu ndani ya soksi. Akamfukuza kwenye mtihani. Kesho yake baba mtu akaja shuleni na watu wawili nyuma yake. Sisi tulikuwa madirishani. Madamu Prefe alimpa kiti, akamwekea mezani karatasi ya maswali na kalamu.

"Papa, mufanye nyinyi," akamwambia. "Mutoto hajui. Pengine mu nyumba kuna mutu anajua."

Yule mkubwa alitazama karatasi, akatazama madirisha yaliyojaa vichwa, akaondoka. Mtoto alirudia mwaka. Leo ni mwalimu wa hesabu Kabambare, na akimtaja Madamu anavua kofia.

Mwanamke huyo huyo alikuwa mwongo katika jambo moja: umri wake. Alituchapa midomoni kwa uongo wa dakika kumi za kuchelewa, naye akajipunguzia miaka bila haya, tena hesabu ikibadilika kila mwaka. Nywele alizipaka rangi nyeusi hata mvi zilipofika kwenye nyusi. Magoti yalipoanza kumsumbua alikataa fimbo, akatembea na mwavuli mkubwa wa kiume, kiangazi na masika, akiuegemea kwa nguvu na kusema anangoja mvua. Tulicheka. Mimi mwenyewe nilicheka sana. Sasa najua uongo ule wa umri ulikuwa mlango ulioachwa wazi, na aliyeingia kupitia mlango huo alikuwa mmoja wetu, aliyecheka pamoja nasi.

Ugonjwa wake ulikuwa sukari, ya miaka mingi, na presha, na viungo. Aliishughulikia sukari kama mwanafunzi mkorofi anayepaswa kutazamwa kila saa. Nilipokuwa najifunza uuguzi pale Kasongo nilikwenda kumdunga insulini asubuhi, naye alinikosoa namna ya kushika sindano. Insulini aliihifadhi ndani ya mtungi mdogo uliowekwa ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga uliolowa. Mtungi huo nimewaonyesha wagonjwa wangu wote tangu nilipopelekwa kufanya kazi kwenye kituo cha afya cha Wamaza, kwa kuwa friji yetu ya nguvu za jua ni ya chanjo, na jua likikataa nayo inakataa. Lakini mtungi hauzai dawa. Zilikuja wiki ambazo Kasongo nzima ilikosa insulini. Nyingine ilipotea njiani, nyingine ilifika imeharibika, na nyingine hatukuambiwa hata ilipo. Madamu alipunguza wali, akaacha mihogo, akala sombe, majani yake tu, na samaki, akangoja.

Katika wiki za namna hiyo ndipo yule kijana alirudi.

Namwita kijana kwa sababu darasani alikuwa mdogo wangu. Sasa ana umri wa kuwa na wajukuu. Alikuwa amezunguka miji mikubwa, akarudi na koti jeupe na kisanduku cha barafu, akakodi chumba karibu na soko. Ndani ya kisanduku mlikuwa na chupa ndogo za unga mweupe, kila moja na maji yake ya kuchanganyia, zenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Peptidi, alisema. Zinaamsha chembe za mwili zilizozeeka. Za figo, za moyo, za sukari, za mgongo, za vidonda visivyopona. Hakuwataka vijana wanaotaka kuwa wazuri. Aliwataka wazee wenye magonjwa ya kudumu, walioambiwa na hospitali wakae na ugonjwa wao mpaka mwisho.

Nataka kusema kweli katika jambo hili, kwa maana uongo umeshatosha. Nilipopata mtandao nilisoma. Peptidi si uchawi wala si utapeli kwa zenyewe. Insulini ni ya ukoo huo huo, na imewaweka watu hai. Ziko nyingine ambazo ni dawa kamili. Ziko pia zile wanazozijaribu huko mbali, kwa wanyama na kwa watu wachache, wakitafuta kama uzee unaweza kupunguzwa mwendo na mgonjwa mzee akapata nguvu. Pengine siku moja watapata. Lakini hao wanaotafuta wanasema wazi kwamba bado hawajui. Aliyesema anajua ni yule wa karibu na soko, na mzigo wake hakuna maabara iliyoupima.

Mtu wa kwanza ambaye kijana alikwenda kumtembelea alikuwa Madamu Prefe. Alivua viatu mlangoni, akapiga goti.

"Madamu, munakumbuka ile siku ya vikombe?" akamuuliza. "Nilikuwa punje ya nne. Hii dawa ni ile somo yenu. Nyinyi njo mulinionyesha."

Akachukua chaki, akachora mnyororo kwenye ubao mdogo ambao Madamu aliubakiza sebuleni. Akaandika maji yanavyotoka. Madamu akamuuliza maswali, akajibu yote bila kukosa. Alijua kila kitu alichofundishwa na yeye. Kile ambacho hakumfundisha, Madamu mwenyewe hakujua kukiuliza.

Kijana alimpa chupa za kwanza bila malipo. Wiki tatu baadaye Madamu alikuwa anatembea vizuri zaidi. Kwa nini, sijui mpaka leo. Pengine mle mlikuwa na dawa ya maumivu. Pengine ni kutembelewa kila asubuhi na mtu anayekupigia goti. Katika mkutano wa walimu na makatekista wastaafu alisimama bila mwavuli, akasema kwa ile sauti ya chini iliyonyamazisha watu maisha yake yote: "Nimeangalia. Hii si uganga. Ni kemia."

Watu hawakuhitaji zaidi ya hapo. Mbele ya chumba cha yule kijana mabenchi yaliongezwa.

Katika mkutano ule alikuwepo katekista wetu wa Wamaza. Alikuwa mzee mpole, mkulima wa mpunga, mgonjwa wangu wa sukari niliyempenda. Alirudi na chupa sita akaja kunionyesha, akicheka. Nilimwambia asizitumie.

"Muganga," akaniuliza, maana ndivyo wanavyotuita wauguzi huku, "wewe nani alikufundisha kemia?"

"Madamu Prefe."

"Sasa mwanafunzi iko anamukatalia mwalimu?"

Nikasema, "Papa, siwezi kuwafunga mikono. Lakini insulini musiiache hata siku moja. Muniahidi."

"Nakuahidi, Muganga."

Nikaridhika na ahadi hiyo. Ilikuwa majira ya kampeni ya chanjo. Nikaondoka siku nane, kijiji kwa kijiji, na mtu wa kumpitia nyumbani kwake sikumwacha. Niliporudi nilimkuta amelala mkekani, anapumua haraka na kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, haitiki. Mkewe aliniambia yule kijana wa Kasongo, ambaye yeye alimwita dokta, alikuwa amemwonya mumewe kwamba dawa mbili zitagombana ndani ya damu, achague moja. Nikakimbilia mtungi. Ndani ya mchanga wenye baridi zilikuwa zimepangwa zile chupa za unga mweupe. Insulini ilikuwa imetolewa ili kuzipisha. Niliikuta kwenye uchaga juu ya moto, kati ya samaki wakavu, imegeuka mawingumawingu. Nilimdunga hata hivyo, maana sikuwa na nyingine, nikamwekea maji ya kuingizwa mshipani. Vijana wanne wakambeba kwenye kitanda kuelekea hospitali ya Kabambare. Alikufa njiani, kabla hatujavuka mto wa pili.

Baada ya mazishi nilimwandikia Madamu barua. Sikumsalimu. Niliandika: "Katekista wa Wamaza amekufa. Aliacha dawa yake kwa sababu mlisema ni kemia. Mlitufundisha tusiseme tusichokipima. Ninyi mlipima nini?" Nikaipeleka kwa mtu wa pikipiki aliyekuwa anashuka Kasongo. Haikujibiwa. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Nikajiambia amejifungia ndani. Nikamdharau, na nilipenda kumdharau, kwa sababu hasira juu ya mtu mwingine ilinipumzisha na zile siku nane zangu.

Siku moja asubuhi pikipiki ilisimama mbele ya kituo. Nyuma ya dereva alikuwepo Madamu Prefe, matope mpaka kifuani, mguu wa kushoto umefungwa kitenge. Nywele zilikuwa nyeupe kichwa kizima. Hakunisalimu.

"Mujane wa katekista iko wapi?"

"Madamu, kwanza tuangalie huo mguu."

"Nimekuuliza mujane iko wapi."

Nikampeleka. Mjane alikuwa anapepeta mchele. Hakusimama wala hakutoa kiti. Madamu Prefe akasimama juani mbele yake, ameshika mwavuli kwa mikono miwili.

"Mama, miye njo nilisema ile dawa ni nzuri. Sikuwa najua. Nilisema tu. Mume wako aliniamini."

Mjane akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Mume wangu alikuwa anafundisha dini mu ile kanisa kule. Wende useme hapo, watu wote wasikie. Hapa kwangu ni miye tu nasikia."

Tukapiga kengele. Watu wakaja, Wakristo, na Waislamu wakasimama nje madirishani. Nimemsikia Madamu Prefe akisema mbele ya watu mara nyingi, lakini siku ile sauti ilikuwa kavu.

"Miye ni mwalimu," akasema. "Nilisema mbele ya watu kitu sikukipima. Nilisema juu mutu alinisifu, alinikumbusha somo yangu, na miye nilipenda. Hiyo njo sababu, hakuna ingine. Mwenye kuwa na ile chupa asijidunge."

Mzee mmoja akauliza, "Madamu, basi ni sumu?"

"Sijui."

"Ni maji tu?"

"Sijui, papa. Hata ule anauza hajui. Mutu akikuambia iko anajua kilicho mule ndani, mumufukuze."

Watu wakanung'unika. Walitaka neno kubwa zaidi, sumu, au shetani. Akakataa kuwapa. Mjane alisikiliza mpaka mwisho, mikono amekunja kifuani. Tulipotoka akamwambia, "Umesema. Sasa wende kwa wengine." Hakusema amemsamehe, na mimi sikuona sababu ya yeye kusema.

Kituoni nilifungua kile kitenge. Kidonda kilikuwa chini ya kidole kikubwa, kipana kuliko kizibo cha chupa, kingo zake nyeusi. Ndala ilikuwa imemkata, naye hakusikia, kwa sababu sukari ilikuwa imeua hisia za mguu. Yule kijana alimwambia chupa zitakiponya. Nilianza kusafisha.

"Mulikaa na hii muda gani?"

"Mwezi na siku nne."

"Madamu! Nyinyi? Nyinyi mulifundisha watu!"

"Ndiyo. Safisha."

Akanieleza alichofanya alipopata barua. Alikwenda kwenye chumba kile, akapita mbele ya mabenchi, akamuuliza yule kijana swali moja: katika huu mnyororo wako, punje ya kwanza ni ipi, ya pili ni ipi, ya tatu ni ipi? Kijana akacheka, akasema hiyo ni siri ya kiwanda.

"Nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza," akasema. "Nilikufundisha wewe fasi ya kila punje. Miye mwenyewe nilisahau." Aliwaambia waliokuwa kwenye mabenchi warudi nyumbani. Baadhi waliondoka, wengine wakabaki, na mwanamke mmoja akamtukana.

Kisha akaniinamia. "Na wewe. Miye uliniandikia barua kali. Ni sawa. Lakini ule muzee ulimuacha na ahadi siku nane. Mugonjwa wa sukari, na chupa za watu mu mutungi wake. Ahadi ni dawa?"

Nilifunga bandeji kwa nguvu kuliko ilivyofaa. Kama hakusikia maumivu, si kwa sababu nilikuwa mpole.

Nilimwambia mguu ule unataka kulala siku nyingi, dawa za kidonda na insulini. Akasema zimebaki nyumba nne, za watu waliokuwepo mkutanoni au waliotumiwa chupa na waliokuwepo. Moja iko Lusangi. Tukagombana mpaka dereva akatoka nje. Mwishoni nilifunga mkoba wangu, nikamwachia mkunga kituo, nikapanda pikipiki nyuma yake. Sikuenda kwa upendo. Nilikwenda ili asife njiani wakasema Muganga wa Wamaza alimwacha.

Nyumba ya Lusangi ilikuwa ya mwanamke mjane, mama wa wanaume wawili wanaochimba madini. Tulimkuta kwenye kigoda mlangoni, dumu la maji pembeni, anakunywa, anakunywa tena. Mkwewe alisema anakojoa usiku na mchana, amekonda mpaka pete imemtoka kidoleni. Madamu alimweleza yote, kwa subira ambayo darasani hatukuijua. Yule mama akamtazama toka kichwani mpaka kwenye bandeji.

"Nyinyi mulijidunga," akasema. "Mulikuwa munatembea, tulisikia. Sasa munakuja kutukataza sisi."

"Mama, angalia mguu wangu."

"Naona." Akashusha pumzi, harufu yake kama ndizi zilizooza. Nilipoisikia harufu hiyo nilishtuka, maana niliijua kutoka kwa katekista. "Basi nitupe hii chupa. Vizuri. Miye nitumie nini? Munipe ingine."

Madamu Prefe akanigeukia. "Mujibu."

Nikafungua mkoba, ingawa nilijua kilichomo. Vidonge vya malaria na vya kidonda, bandeji, maji ya mshipa chupa moja, kipimo cha sukari. Nikampima, na kipimo kilipokataa kutoa namba kwa sababu sukari ilikuwa imepita uwezo wake, nikasema, "Sina."

"Semea yeye, si miye."

"Mama, sina. Iko Kasongo, hospitali. Tukienda leo, pengine."

Pikipiki ilikuwa moja. Yule mama asingeweza kukaa bila mtu wa kumshika kwa nyuma, na mtu huyo alipaswa kuwa muuguzi. Dereva, mgonjwa na mimi. Madamu alikuwa ameshaketi kwenye kigoda cha yule mama, mguu juu ya mfuko wa mpunga.

"Mutaenda," akasema. "Dereva atarudi kunichukua kesho."

"Huo mguu hauwezi kungoja, Madamu."

"Ule mama njo hawezi kungoja. Unajua hesabu? Panda."

Nilimpa vidonge vyote vya kidonda nilivyokuwa navyo, nikamwonyesha mkwe namna ya kuosha. Nilipogeuka, alikuwa anamuuliza yule mkwe zilipo chupa nyingine, amenyoosha mkono apewe azitupe.

Yule mama alifika Kasongo hai. Hospitali ilikuwa na insulini ya kumtosha yeye, na akapona. Usiku ule mvua ilianza, na kesho yake daraja la magogo lilikuwa limeondoka na maji. Dereva alifika Lusangi siku ya tano. Madamu alipoletwa Kasongo mguu ulikuwa mweusi mpaka kifundoni. Waliukata chini ya goti.

Yule kijana hajakamatwa. Polisi walipokwenda kufungua chumba chake walikuta mabenchi tu. Nasikia yuko mji mwingine, na kisanduku ni kipya. Nikipita barabarani nikaona koti jeupe nisilolijua, ninalifuata mpaka nione uso.

Nilimtembelea Madamu Prefe wiki mbili baada ya operesheni. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilimkuta ameketi kitandani, shuka limekwisha ghafla upande mmoja, anasahihisha namna muuguzi kijana alivyoandika joto lake.

"Umekuja na sura ya matanga," akaniambia. "Miye sijakufa. Ule mama?"

"Yuko nyumbani. Anakula. Wanawe walikuja kumuchukua."

"Na insulini yake ikiisha?"

"Sijui, Madamu."

"Sasa unisikilize," akasema. "Nilifungua mulango kwa ule mutu juu alinisifu. Hiyo nilisema mbele ya watu, sitaikataa. Lakini wiki tatu nilikuwa hapa hapa Kasongo bila insulini, na hakuna mutu hata mumoja alibisha hodi kuniambia itakuja lini. Yeye alibisha."

Akavuta shuka.

"Miye kosa yangu nimeisema. Nimeilipa na mguu. Wale wenye kugawa dawa, yao nani ataisema? Wewe unalia nini? Futa macho, uende. Unakaa hapa unaniangalia kama picha."

Nilitoka bila kumuaga vizuri, nikavuka uwanja mpaka kwenye ofisi inayogawa dawa kwa vituo vyote vya afya. Mtu wa mezani alinijua. Nikamuuliza insulini ya Wamaza na Lusangi iko wapi. Akasema mkubwa hayupo, nirudi wiki ijayo. Nikamwambia nitamngoja. Akasema leo haji kabisa, na kesho hana hakika.

Nikavuta kiti mpaka mbele ya mlango wa mkubwa, nikakaa.